Vidole Vinne Chini ya Mti wa Mswaki

Guyo na Nkatha, ninyi ndio mliobaki na karakana, na ninyi ndio mlionisumbua niandike. Basi naandika. Sitaeleza nilichovuna wala nilichokosa katika kazi ya kutengeneza fremu za picha hapa Isiolo, kwa sababu mkijua mtakimbilia kuuza maziwa ya ngamia, na hakuna atakayewalaumu. Nitaandika mambo ambayo, kama mtu angenieleza mapema, yangeniepusha na aibu. Ndogondogo ni nyingi. Kubwa ni moja, nayo nitaifikia.

Babu yangu aliletwa huku akiwa askari wa wakoloni, akaachwa hapa, bunduki yake ikarudishwa. Baba alikuwa na lori. Kwetu mtoto wa kiume alizaliwa na usukani mkononi, isipokuwa mimi. Gari linanitapisha mpaka leo. Baba alinivumilia safari tatu za Marsabit, ya nne akanishusha mbele ya karakana ya Mzee Kaberia, fundi wa mbao kutoka Meru, akamwambia, "Huyu hafai barabarani. Labda anafaa mahali pasiposogea."

Mzee Kaberia alitengeneza milango, vitanda na majeneza, na kwa mabaki ya mbao alitengeneza fremu. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Alinipa msumeno mdogo, kisanduku cha mbao chenye mianya ya kukatia pembe, na rundo la vipande.

"Kata," akasema.

"Nikate nini, Mzee?"

"Pembe."

Nilikata pembe kwa wiki mbili. Kila jioni alichukua vipande viwili, akavikutanisha na kuviinua mbele ya dirisha. "Nuru imepita. Kesho kata tena." Siku nuru ilipokataa kupita hakunisifu. Aliniuliza jina. Alikuwa na msemo wake: "Pembe moja ikisema uongo, zile tatu zitaitetea." Mkiona fremu imepinda, msihangaike na pembe inayoachana. Tafuteni ile iliyonyamaza.

Kioo nacho. Siku hizo lami ilikuwa haijafika huku, na kioo kilitoka Meru ndani ya lori, katikati ya magunia. Kioo husafiri kikiwa kimesimama. Ukikilaza, tuta la kwanza tu linakigawa vipande ambavyo hukuviagiza. Kalamu ya kukatia kioo Mzee aliiweka katika mfuko wa koti, na hakumwazima hata ndugu yake. Alinifundisha kuichovya kwenye mafuta ya taa na kuipitisha mara moja tu, bila kurudia. Ukisikia sauti kama kitambaa kipya kinachochanwa, umekata. Ukisikia kama paka, umeharibu.

Tulifungia kila kitu. Picha za harusi, aya za Kurani, vyeti vya shule, Yesu akiwa na kondoo, na picha ya rais aliyekuwepo, ambaye alipobadilika tulifanya kazi siku nane mfululizo kwa sababu kila duka lilitaka yule mpya. Bwana mmoja wa Kiborana alileta picha ya ngamia wake aliyekufa, akataka fremu nyeusi na kioo kizito. Nilicheka. Mzee Kaberia akanitoa nje, akamhudumia mwenyewe kwa heshima zote, kisha akaja kuniambia, "Umemwona huyo ngamia? Amelea watoto sita wa yule mtu. Wewe umelea nani?"

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuta vumbi kwenye picha ya harusi kwa kitambaa chenye maji. Ilikuwa ya zamani, iliyopakwa rangi kwa mkono, na bibi harusi akatoka na jicho moja. Mzee aliichukua mkononi mwangu. "Jama," akasema, "picha si yako. Wewe ni mtu wa ukingoni. Kazi yako inaishia pale picha inapoanzia." Nilidhani nimeelewa.

Magoti yake yalipochoka alirudi kwao, akaniachia vifaa vyote na ile kalamu ya kioo. Nikahamia kibanda kilicho karibu na lango la msikiti, hapo mlipo sasa. Na hapo langoni, tangu siku niliyofungua mlango, alikuwapo Akai.

Mnamfahamu Akai wa sasa, ambaye watu huja kumpiga picha. Mimi nilimfahamu akiwa mwanamke wa Kiturkana wa Ngare Mara aliyekaa juu ya gunia na kuuza miswaki. Mwenye haraka alinunua kijiti cha tawi. Mwenye kujua alinunua mzizi, kwa sababu mzizi ni laini kwa fizi na ukali wake unakaa mdomoni mpaka adhuhuri. Nilinunua kwake kila Ijumaa kwa miaka mingi, tukaambiana habari ya asubuhi, basi. Sikujua kwamba anachora.

Siku moja alivuka barabara, akaingia karakana akiwa na kitu kilichofungwa ndani ya leso.

"Habari ya kazi, Mzee Jama."

"Nzuri, mama. Karibu."

Alifungua leso juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya katoni, vile vya maboksi ya mafuta ya kupikia, na juu ya kila kimoja palikuwa na mti. Mswaki. Mti huo unajulikana na kila mtu hapa, matawi yake yananing'inia mpaka chini kama kibanda kisicho na mlango, hauachi kuwa kijani hata jua likiua kila kitu, na matunda yake ni madogo mekundu, yenye ukali kama pilipili. Waturkana wanauita esekon, na wakati wa kiangazi kikali wamekula matunda hayo yakiwa chakula chenyewe, si cha kuchezea mdomo. Nilikuwa nimepita kando ya miti hiyo maisha yangu yote. Sikuwahi kuuona mpaka nilipouona kwenye katoni.

Alikuwa ameuchora jani kwa jani. Weusi ulikuwa wa makaa, wekundu wa udongo wa Leparua uliokorogwa na utomvu wa mgunga, na kijani ilikuwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye makopo ya wachora mabango. Nilimuuliza ametumia brashi gani. Akatoa nyuma ya sikio kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, akanionyesha.

"Mchwa inakula hii karatasi," akasema. "Mbili imeisha kabisa. Nataka uniwekee kioo mbele na mbao nyuma."

"Inawezekana."

"Na inafunguka?"

"Nini inafunguka?"

"Hiyo fremu. Kwa nyuma. Nataka kufungua nikitaka."

Nikamwambia fremu si kabati. Akaniambia mteja ni yeye. Nikamtengenezea fremu tatu, nyuma nikaweka ubao mwembamba wa hadibodi na vibao vinne vidogo vya kuzungusha, kama komeo la banda la kuku. Kila baada ya miezi kadhaa alizileta ili apate meza ya kuzifungulia, akageuza vile vibao mwenyewe, akaitoa picha, akafanya kitu kidogo upande wa chini kwa ncha ya kijiti, akaifunga, akaenda. Nilidhani ni mtu asiyejua kumaliza kazi. Wachoraji nimewaona, wengi hawajui.

Akaja Mwalimu Kathure. Alikuwa anafundisha shule ya sekondari hapa mjini, na alikuja kuchukua cheti chake akakuta picha mbili za Akai zimeegemezwa ukutani. Hakuondoka kwa saa nzima. Siku iliyofuata alikwenda naye mpaka Ngare Mara, akarudi akiwa na habari kwamba nyumbani kwa Akai mna picha nyingi, zote za mti huohuo, na kwamba ameomba ukumbi wa mjini kwa wiki moja ili watu wazione. Akai alikubali kuazima kumi na mbili. Mimi nizifungie. Nilikuwa na siku tisa.

Sasa nitaeleza vizuri nilivyofanya, msije mkadhani ilikuwa bahati mbaya.

Kioo nilichoagiza kilifika siku ya saba, na kilikuwa kifupi kuliko nilivyosema kwenye simu. Picha tano zilienea. Saba zilizidi, kila moja kwa upana wa vidole vinne. Nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kuzitundika bila kioo. Ningeweza kumwambia mwalimu tusogeze siku. Ningeweza kuvuka barabara, hatua ishirini, nikamuuliza mwenye picha. Sikufanya hata moja. Nilizitazama zile saba nikaona kwamba zote upande wa chini, chini ya mti, zina ukanda wenye mistari mifupi mifupi, mingine myeusi, mingine myeupe, na vidoti vilivyotapakaa. Nikajiambia hapo ndipo anapofutia brashi.

Nikaweka rula ya chuma. Kisu kilikuwa kipya na mkato ulinyooka. Kazi mbaya nayo huweza kufanywa kwa unadhifu. Pia, kwa kuwa nilikuwa na haraka, nyuma sikuweka vibao vya kuzungusha. Nilipiga misumari.

Siku ya maonyesho watu walijaa kuliko nilivyotarajia. Wamama wa sokoni walikuja, wanafunzi, masheikh wawili, padri, na wazee wa Ngare Mara waliokaa mstari mmoja na vigoda vyao. Akai alifika na shanga zake zote na koti la marehemu mumewe. Alianza mlangoni, akatembea taratibu akifuata ukuta. Picha ya kwanza aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Ya pili vilevile. Ya tatu akasimama. Akaenda ya nne, akarudi ya tatu. Kisha akapita zote mpaka mwisho bila kusimama, akaja moja kwa moja nilipokuwa.

"Mzee Jama," akasema, si kwa sauti kubwa. "Miguu iko wapi?"

"Miguu gani, mama?"

"Miguu ya miti yangu."

Nikaanza kumweleza habari za kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umeweka wapi?"

Jibu nililijua. Vile vipande nilivitupa kwenye debe la takataka, na kwenye debe hilo ndimo nilimokuwa nikichukua karatasi za kuwashia jiko la gundi.

Tulitoka ukumbini sisi wawili, tukamwacha Mwalimu Kathure akishukuru wageni. Karakanani nilimwaga debe lote sakafuni. Tulipiga magoti tukachambua maranda, misumari iliyopinda na maganda ya chungwa. Tukapata kipande kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Basi. Vitatu vilikwishageuka majivu chini ya sufuria ya gundi, na niliyewasha ni mimi.

Akai aliketi juu ya mbao. Alivipanga vile vinne juu ya mapaja yake.

"Unajua hii ni nini?"

"Sijui."

"Ungeuliza."

Halafu akaniambia. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kuchimba mizizi ya mswaki. Unachimba upande mmoja tu, unakata mzizi mmoja au miwili, unafukia, unaenda zako. Unauacha mti mpaka misimu kadhaa ya mvua ipite, kisha unarudi upande mwingine. Ukichimba pale pale, au ukizunguka wote kwa tamaa, mti unasimama kijani mwaka mmoja kama kwamba umekusamehe, kisha unakauka wote kwa mpigo. Shangazi alikuwa na miti zaidi ya arobaini kichwani, kila mmoja na pande zake. Akai naye alikuwa nayo, mpaka alipougua homa iliyomlaza hospitali miezi miwili. Alipotoka, mambo mengine yalirudi na mengine hayakurudi.

"Kichwa yangu haikushika tena," akasema. "Nikaenda kwa mti mmoja, nikachimba, nikakuta kidonda yangu mwenyewe bado mbichi. Huo mti ulikufa. Kusoma sijui. Nikaanza kuchora."

Mstari mweusi ni mzizi alioukata. Mweupe ni ule ambao hajaugusa. Kila kidoti ni mvua iliyopita tangu alipokata. Huko chini ndiko alikoanzia. Picha za kwanza hazikuwa na mti kabisa, ukanda tu. Akaona zinafanana, akaongeza tawi ili ajue ni mti gani, akaongeza jani, mwisho akaona anapenda. Ule mti uliomfanya Mwalimu Kathure asimame saa nzima ulikuwa jina tu. Barua yenyewe ilikuwa chini, na mimi nilikuwa nimekata barua nikabakiza jina.

"Nisamehe, Akai," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Nimekusikia," akajibu.

Sikuwa na haki ya kuomba zaidi.

Miti mitatu ambayo vipande vyake viliungua, mmoja ulikuwa Burat, upande wa nyuma wa kambi ya jeshi. Mwingine ulikuwa Leparua, kwenye ukingo wa laga, yaani mto ule unaokuwa na maji siku chache tu za mwaka. Wa tatu ulikuwa Gotu, karibu na Ewaso Nyiro, na ndio mkubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Nilimwambia nitakwenda naye akaitazame. Binamu yangu ana pikapu. Nilitapika mara mbili kabla ya kufika Burat, na Akai hakunionea huruma, na sikumlaumu.

Burat haikuwa shida. Alitambaa chini ya matawi, akapapasa ardhi kwa kiganja, akapata jiwe bapa alilokuwa ameliweka mwenyewe juu ya shimo. "Upande wa jua kuzama," akasema. Alikuwa na katoni mpya, akachora hapohapo.

Leparua ilichukua asubuhi nzima. Ng'ombe walikuwa wamepita wakavuruga kila alama. Mwishowe Akai alilala chali chini ya mti, akaniita nilale kando yake. Nikalala, mzee mzima na kanzu yangu.

"Tazama juu," akasema. "Unaona nini?"

"Majani."

"Tazama tena. Usiangalie jani. Angalia mbingu kwa katikati."

Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Na kweli, upande mmoja mbingu ilionekana kwa matundu madogo mengi, na upande mwingine karibu hakuna. Mzizi ukikatwa, tawi la juu yake linapunguza majani. Kidogo tu. Mtu aliyezoea kukagua pembe mbele ya dirisha angepaswa kuliona mapema. Akachora mistari yake, akanipa mkono niinuke.

Gotu tulifika jua likiwa kali. Mti ulikuwa mkubwa mno, mnene sawasawa kila upande, mbingu haikupenya popote. Mto ulikuwa umefurika mara mbili tangu alipochimba, na mchanga umefunika jiwe na shimo. Alizunguka mti mara nne, akalala chini, akainuka.

"Sioni," akasema.

"Nitachimba mimi," nikamwambia. "Polepole, kwa mikono. Nikikuta kidonda nitasimama."

Akatikisa kichwa. "Mtu akitafuta kidonda kwa kuchimba atapata viwili. Huu tunauacha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utuambie wenyewe."

Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tano. Ninyi mnajua mwezi huo watu wanavyotaka mswaki, na mzizi hasa. Mti wa Gotu ndio alioutegemea kwa mwezi huo, alikuwa ameuacha kwa makusudi ili ufike wakati wake. Nilirudi nyuma ya pikapu nikitazama mchanga. Sikutapika.

Ramadhani hiyo Akai alikaa langoni na vijiti vya tawi, mizizi kidogo tu. Wateja wakamuuliza, mizizi iko wapi mwaka huu? Naye hakuwaeleza. Alinyoosha kidole upande wa pili wa barabara. "Muulizeni fundi." Wakaja. Asubuhi, mchana, baada ya sala ya tarawehe. Nikawaeleza mmoja mmoja, nimekata picha, hivi na hivi, ikaungua, na kwa hiyo mti umeachwa. Wengine walicheka. Mzee mmoja wa Kisomali, rafiki wa marehemu baba, alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Heri baba yako angekuacha kwenye lori." Nilieleza kisa hicho mwezi mzima nikiwa na kiu. Sijui kama aliniadhibu au alinifundisha. Nilipomuuliza miaka baadaye alisema alikuwa amechoka tu kuulizwa.

Zile fremu saba nilizifumua zote. Niliagiza kioo kirefu, kilipokuja kifupi nilikirudisha, nikasubiri kingine. Vile vipande vinne niliviunganisha na picha zake kwa gundi ya wanga na ukanda wa kitambaa nyuma. Nilitaka kupaka rangi ili kiungo kisionekane, Akai akanikataza. "Wacha ionekane. Hiyo pia imefanyika." Burat na Leparua zilipata vipande vipya. Picha ya Gotu nilipouliza tuweke nini chini, alisema tusiweke kitu. Nikaweka kadibodi tupu, vidole vinne, nyeupe. Nyuma ya zote kumi na mbili nikatoa misumari nikaweka vibao vya kuzungusha.

Mwalimu Kathure alizitundika tena, safari hii katika maktaba ya shule, na kando akabandika karatasi inayoeleza mistari na vidoti. Watu wakaanza kuinama. Kwanza walikuwa wakisimama mbali wakasema mti mzuri, sasa wanainama na kuhesabu mvua. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliitaka ile ya Gotu kuliko zote. Alipenda sana ule weupe wa chini, akaueleza kwa maneno marefu. Akai alimsikiliza kwa adabu.

"Hiyo siwezi kukupa," akasema. "Bado inatumika."

Picha zilipotoka maktaba Akai aliziacha kwangu, mbali na mchwa. Ikapita mvua moja, mbili, tatu. Kila baada ya mvua alikuja karakana, akafungua migongo ya fremu, akaweka vidoti. Ya Gotu aliifungua pia, akaitazama, akaifunga. Mvua ya tano ilikuwa kubwa, mto ukala ukingo. Wiki iliyofuata alivuka barabara akikimbia, mwanamke wa umri ule, magari yakimpigia honi.

"Mto umenionyesha!" akasema kabla hata ya salamu. "Udongo umeanguka upande wa maji. Mizizi iko nje, nimeona mahali nilikata. Imepona. Imetoa mingine midogo kama vidole vya mtoto."

Akaketi mezani pangu akachora ile mistari kwenye kadibodi nyeupe, mitatu myeusi, sita myeupe. Nilimpa chai.

Tangu hapo nimemfungia picha zaidi ya thelathini. Sikuwahi tena kuweka kisu juu ya karatasi yake, hata kunyoosha ukingo uliochanika. Mlikuwa mnanicheka kwa hilo, na sasa mnajua.

Wiki yangu ya mwisho kazini alileta picha mpya, ya mti mchanga aliouona Burat, ambao hajauchimba bado. Nilipima. Kioo nilichokuwa nacho kilikuwa kifupi kwa vidole vinne, na sitaki mnidhanie natunga, mpimaji mzuri nimekuwa lakini muuza kioo hajabadilika. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili, ninyi mtamalizia.

"Wiki mbili wewe hauko," akasema. "Nataka ikuwe mkono wako. Kata."

"Sikati, Akai."

"Kata, Mzee. Nimesema mimi."

Akaivuta picha kutoka mikononi mwangu, akaigeuza juu chini mezani, akaweka rula ya chuma yeye mwenyewe na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Huku juu," akasema. "Mbingu tunayo ya kutosha."

Nikachukua kisu. Nikamuuliza tena kama ana hakika, akasema nisimcheleweshe, ana wateja. Nikakata vidole vinne vya mbingu, mara moja, bila kurudia. Kile kipande alikiokota, akafungia ndani yake miswaki mitatu ya mzizi, akamvukishia mteja aliyekuwa akimngoja langoni.